Yowe Lisilosema Moto Uko Wapi

Wanangu, kabla ya salamu nina swali. Umekaa zako nje ya jengo, unakula, ghafla king'ora kinalia. Mguu wako wa kwanza unaelekea wapi? Usinijibu ya darasani. Nijibu ya mguu.

Haya, asalaam alaykum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo.

Kazi ya kufunga mitambo ya kuashiria moto niliianza mwanangu Twalibu akiwa mgongoni, na sasa ana ndevu. Nimefunga lodge za mjini, mabweni, zahanati, maghala. Nimefunga mpaka Msimbati, ambako chumvi inakula skrubu kama mchwa anavyokula mbao. Sasa mgongo umekataa ngazi, nimerudi Mpapura kwenye mikorosho yangu, na nyie mafundi vijana mnanipigia simu. "Mama Twalibu, paneli inaandika hivi, nifanyeje?" Nawajibu, alhamdulillahi, bado nakumbuka. Ila wote mnaniuliza waya. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza watu. Ndo maana leo nimekaa nawaandikia.

Elimu yangu mimi ni ya jioni. Mchana nilikuwa na kibarua, nikishaswali magharibi nakimbilia darasani, mtoto namwacha kwa wifi. Aliyetufundisha umeme alikuwa Fundi Chande, mtu mfupi, mkali, na kalamu kila siku nyuma ya sikio, hata akiwa msikitini. Siku moja akaniambia, "Wewe mama, wenzako wananiuliza mtihani lini. Wewe kila siku unaniuliza kwa nini. Njoo kazini kwangu, huko kuna kwa nini nyingi." Nikaenda. Bismillahi ya kwanza nikaisomea kwenye ngazi, na sikuacha kuisoma mpaka nilipostaafu. Ngazi haina urafiki.

Fundi Chande alikuwa na neno lake: moshi una ndugu wengi. Maana yake, ditekta, kile kisahani cheupe unachokiona kwenye dari, hakijui tofauti ya moshi na ndugu zake. Mvuke ni ndugu. Vumbi ni ndugu. Buibui akiingia ndani akatandaza utando wake, naye anageuka ndugu. Mikindani kulikuwa na nyumba ya wageni ambayo kila wiki king'ora kilipiga kelele wageni wakatoka na mataulo. Fundi kabadilisha ditekta, kabadilisha waya, kila akija haoni kitu. Aliponipeleka mimi, niliingia chumba cha mwenye nyumba nikanusa. "Fundi, hii hitilafu si inatokea Alhamisi jioni?" Mwenye nyumba akaitikia yeye, "Ndiyo! Umejuaje?" Nimejuaje, na mimi kwangu Alhamisi nafukiza udi? Chetezo kilikuwa kinakaa chini ya ditekta kabisa. Ditekta ile tukaihamishia kona nyingine, pale tukaweka ya kuhisi joto badala ya moshi. Njia nzima Fundi Chande anacheka peke yake. "Nilikuwa natafuta ubovu, kumbe Ijumaa inakuja."

Nyie mmezaliwa mmeikuta mitambo yenye anwani, hamjui tulikotoka. Zamani ditekta zilifungwa kwenye mkanda mmoja wa waya, moja ikinusa moshi, kengele inalia jengo zima. Wapi? Hujui. Unaanza kukimbia chumba hadi chumba unashika vitasa. Hii ya sasa kila ditekta ina namba yake. Unachukua bisibisi ndogo, unapanga vijiswichi vyake, unaipa namba ambayo mwenzake hana. Waya unatoka kwenye paneli, lile sanduku la ukutani lenye kioo, unazunguka jengo unarudi ulikotoka, na paneli muda wote inaita majina kama mwalimu: namba nne upo? Nipo. Namba tano? Nipo. Ukikosea ukazipa mbili namba moja, paneli inachanganyikiwa. Ni sawa na kuita "Hadija!" sokoni Mtwara, wanaitika watano, na wote wanaona umewakosea adabu.

Ila namba peke yake haitoshi. Unaiandikia na jina, ili moto ukitokea kioo cha paneli kiandike ni wapi. Hapa sikilizeni sana. Jina la kwenye ramani ya mhandisi siyo jina la kwenye midomo ya watu. Ramani itakwambia STOO B. Muulize mfagiaji, atakwambia hiyo ni "kwa marehemu Issa", kwa sababu Issa ndiye alikuwa mtunza funguo. Andika wanavyoita wao. Mlinzi akisoma STOO B ataanza kufikiri. Wakati wa moto hatutaki mtu afikiri, tunataka aende.

Basi na hilo nilidhani ndo mwisho wa ujuzi. Mpaka tulipofunga mtambo kwenye kiwanda kimoja cha kubangua korosho, sikitaji jina.

Kiwanda chenyewe kilikuwa ukumbi mrefu. Mbele kuna mlango mkubwa unaoelekea uwanja wa kuanikia. Humo ukumbini ndo kwenye meza za kubangulia, wanawake wamekaa wanne wanne, mikono imepakwa mafuta ili yale maji meusi ya ganda yasiwaunguze. Ukivuka ukumbi, mwisho kabisa, kuna chumba cha mvuke ambako korosho zinapikwa kabla ya kubanguliwa, nacho kina kimlango cha nyuma kinachotokea barabarani. Ubavuni kuna stoo ya maganda. Na ganda la korosho, kama hamjui, likishika moto halina mchezo. Linatoa moshi mzito mweusi, unakaa kooni siku mbili.

Tulifunga kila kitu sawa. Tukapanga zoezi la kwanza, tukachagua mchana wakati wa chakula, ili lifanane na siku ya kawaida. Nusu ya wanawake walikuwa nje uwanjani na ugali wao wa muhogo, nusu wako ndani. Fundi Chande akabonyeza. King'ora kikalia vizuri mno, kinasikika mpaka barabarani.

Walioko ndani wakaanza kutoka, kama walivyoelekezwa. Walioko nje wakainuka, wakafunga kanga viunoni, wakachukua ndoo za maji ya kunawia, wakakimbilia ndani.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Mlangoni wakakutana, hawa wanatoka hawa wanaingia, ndoo zinamwagika, mtu anaita "Somoe! Somoe mwanao yuko wapi!" Hakuna aliyepita. Ungekuwa moto wa kweli, wangetufia pale mlangoni watu wazima na akili zao.

Meneja, Bwana Lusajo, kijana mpole wa Mbeya, alikuwa amesimama kwenye ngazi za ofisi na saa mkononi. Alitukusanya mimi na Fundi.

"Hawa mama niliwaeleza mara ngapi? King'ora ni kutoka. Wameitikia wote, ndiyo meneja, ndiyo meneja."

"Ni kweli waliitikia," nikasema.

"Basi nitapiga mnyororo. Mlango wa mbele na wa nyuma. Mlinzi atakaa na ufunguo, king'ora kikilia anafungua, anawatoa, haingii mtu."

"Meneja, mnyororo haujui anayeingia na anayetoka."

"Ni kwa muda tu. Milango ya kusukuma kwa kifua, ile inayofunguka kwa kusukumwa toka ndani tu, imeshaagizwa."

Kwa muda! Nyie mnajua hapa kwetu "kwa muda" inakaa mpaka inaota kutu. Na hata hiyo ya kifua ikija, watu wa nje wakijazana mlangoni, wa ndani atasukuma kifua cha nani? Lakini sikumwona Bwana Lusajo kuwa mtu mbaya. Alitueleza kwamba utotoni kwao aliona duka linaungua, watu wakarudi kuokoa bidhaa, na wengine hakuwaona tena. Alikuwa anaogopa kweli. Akasema, "Nawapa zoezi la pili. Wakiingia tena, naweka."

Njiani Fundi Chande akaniambia, "Kazi yetu imekwisha, mama. Kinalia, taa zinawaka, paneli inaandika. Watu si waya."

"Fundi, watu ndo mwisho wa waya."

"Una kiburi."

"Nina kwa nini."

Akaitoa kalamu sikioni akairudisha. Kwake hiyo ndo ruhusa.

Kesho yake nilienda kiwandani bila ngazi wala bisibisi. Nikaomba kukaa kwenye meza ya Bi Somoe. Huyu Bi Somoe ni mwanamke wa Ziwani, mrefu, ana sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Kwao msiba ukitokea au mtoto akipotea, yeye ndo anatumwa kuita. Na binti yake, Rukia, alikuwa anafanya kazi kwenye chumba cha mvuke, kule mwisho, karibu na kimlango cha nyuma. Kwa hiyo mnyororo ule, kwa Bi Somoe, ulikuwa unafungwa juu ya mwanawe.

Akaniona nashika korosho kwa kucha. "Fundi, hizo kucha utaziacha hapa. Paka mafuta kwanza."

Meza nzima ikacheka. Nikapaka mafuta.

"Dada Somoe, jana mlinishangaza."

"Sisi ndo tulikushangaa wewe. Umepiga yowe halafu umesimama unatuangalia."

"King'ora si yowe."

"Ni nini basi, kigelegele? Kuna harusi?"

Wakacheka tena. Nikauliza tena, maana mimi sichoki kuuliza. "Mliambiwa mtoke, mbona mliingia?"

Akaweka korosho chini. "Mwenzangu, wewe si mtu wa huku? Kwetu yowe likipigwa, unakwenda linakotoka. Huulizi la nani. Ukikimbilia upande mwingine, siku yako ikifika utazikwa na nani?"

Kweli, na mimi ni mtu wa huku. Marehemu mama yangu aliwahi kuacha uji jikoni kwa ajili ya yowe la nyumba ya tatu. Nimefunga ving'ora miaka yote hiyo, na sikuwahi kujiuliza masikio ya watu yanasikia nini.

Aliyekaa upande wa pili wa meza, mama mmoja mnene mcheshi anaitwa Fatu, akadakia. "Tena yowe letu lina maana. La nyoka si la msiba. La moto mtu anataja, moto kwa fulani. La kwenu halisemi. Linalia tu kama mtoto mwenye njaa. Sasa mtu asiende kuona?"

"Mashine yenu yenyewe inajua moto uko wapi?" Bi Somoe akauliza.

"Inajua. Mpaka chumba."

"Inamwambia nani?"

"Inaandika pale kwa mlinzi."

"Kwa mlinzi!" Fatu akapiga meza, korosho zikaruka. "Inajua, halafu siri yake inampa Athumani anayesinzia!"

Wanangu, mimi nimekaa darasani jioni ngapi, nimesoma vitabu vya mafundi vyenye michoro mpaka macho yakauma, na pale mezani na mikono ya mafuta ndo kitu kikanigonga. Tumenunua mtambo unaojua anwani ya moto, tukauziba mdomo. Mwenye haja ya kujua ni mama ambaye mwanawe yuko ndani. Yeye tumempa kelele.

Nikamrudia Fundi Chande, nikamweleza. Akauliza maswali makali. Ujumbe utakuwa wa aina ngapi? Ditekta mbili zikinusa pamoja, itasema ipi kwanza? Sauti itasikika juu ya mashine? Akanichosha, kisha akasema, "Inawezekana. Spika zipo, paneli inaruhusu. Tunaipangia kila eneo na ujumbe wake." Bwana Lusajo alikubali haraka kuliko nilivyodhani. Alisema tu, "Mimi sitaki mnyororo, dada. Nataka wasife."

Ikabaki sauti ya nani. Alijaribu meneja mwenyewe, tukarekodi. Wanawake waliposikilizishwa wakasema wameitwa kwenye kikao. Nikajaribu mimi, wakasema mwalimu wa madrasa. Fatu akasema, "Jamani mnazunguka nini, si mumpe Somoe?"

Bi Somoe mbele ya kinasa sauti akageuka mtu mwingine. Akaanza, "Ndugu wafanyakazi, mnatangaziwa..." Nikamzuia. "Dada, sahau hiki kidude. Ita kama unawaita kwenu." Akashusha pumzi, akaweka kiganja kando ya mdomo, akaita. Maneno yenyewe hajafika, sauti tu. Paka wa stoo akaruka, na wanawake waliokuwa uwanjani, ambao hawakujua tunarekodi, wakaingia mbio, kanga viunoni. Hapo tukajua sauti tumeipata, tatizo nalo bado lipo palepale.

Maneno aliyapanga mwenyewe. Alisema ukimwambia mtu wa huku asiende, umpe na kazi ya kufanya, la sivyo miguu itamshinda. Kwa hiyo ujumbe ukawa hivi: "Jamani, moto! Moto uko stoo ya maganda. Aliye ndani atoke, aliye nje asiingie. Njooni uwanja wa kuanikia tuhesabiane." Na kila eneo na jina lake wanavyoliita wao. Kuhesabiana ndo kazi. Kila meza inahesabu watu wake, asiyeonekana anatajwa kwa meneja, na kikosi cha kiwanda chenye vifaa vya moto ndo kinaingia kumfuata. Spika mbili tuliziweka nje uwanjani, kwa ajili ya wale wa nje hasa.

Zoezi la pili halikuwa la kupigiwa picha. Wapo walioingia, mmoja kufuata simu yake, mwingine amesahau. Fatu alitoka na sahani ya chakula na akaendelea kula kwenye foleni. Lakini mlango haukuziba. Bwana Lusajo akauangalia ule mlango, akamwambia mlinzi, "Mnyororo urudishe stoo."

Sasa nyie mtaniuliza, na siku ya kweli?

Siku ya kweli nilikuwepo. Nilikuwa nimekwenda kusafisha ditekta, mwezi wa msimu, vumbi la korosho limejaa. Ilikuwa baada ya adhuhuri, watu wanamalizia kula. Nikasikia sauti ya Bi Somoe kwenye spika, "Jamani, moto!" na kwa kweli nilidhani mtu kagusa kitu. Kisha nikanusa. Lile halikuwa vumbi. Stoo ya maganda ilikuwa inatoa moshi kama chimni, na upepo unausukuma wote kuingia ukumbini.

Watu wakatoka. Meza zikaanza kuhesabiana. "Meza ya dirishani tumetimia!" "Kwa Fatu tumetimia!" Kikosi cha kiwanda kinavaa vifaa, meneja ameshapiga simu ya zimamoto. Wale wa chumba cha mvuke wakatoka ukumbini wanakohoa, wakajihesabu, halafu yule kiongozi wao akasema taratibu, kama anaona haya, "Mvuke tumepungua mmoja. Rukia."

Nikamwangalia Bi Somoe. Alikuwa amesimama mbele ya mlango mkubwa, na moshi unatoka juu ya kizingiti. Amefunga kanga kiunoni. Juu ya kichwa chake spika inarudia, kwa sauti yake mwenyewe: aliye nje asiingie, aliye nje asiingie. Akapiga hatua. Akasimama. Akapiga nyingine. Mimi nilitaka kumshika na mikono haikuinuka. Mimi mama pia. Nilikuwa nasoma Yaa Latifu moyoni na siwezi kumwambia mtu asimfuate mwanawe.

"Inasema stoo ya maganda," akasema. Hakuwa anasema na mimi. "Haijasema mvuke. Stoo ya maganda."

Akarudi nyuma. Fatu akamshika mkono, na mwingine akamshika mkono wa pili, na wakabaki hivyo wanaangalia mlango. Vijana wa kikosi wakapita mbele yao wakaingia.

Kisha tukasikia mtu anaita huku nyuma yetu, upande wa geti. Tukageuka. Rukia. Alikuwa anakuja mbio toka barabarani, kilemba kimelegea, kiatu kimoja mguuni. Ukumbi ulipojaa moshi yeye alikuwa wa mwisho, akaona mbele hapitiki, akasukuma kimlango cha nyuma, kikafunguka, akazunguka ukuta mzima wa kiwanda.

Meneja akapuliza filimbi kikosi kirudi. Bi Somoe hakukimbia kwenda kwake. Alikaa chini juu ya turubai la korosho, na binti akapiga magoti mbele yake.

"Nilikuwa nakuja," Bi Somoe akamwambia. Analia sasa. "Mwanangu, wallahi nilikuwa nakuja kukutoa."

Rukia akamfuta uso kwa ncha ya kanga yake.

"Tungepishana, mama."